Kwa gari lako mpaka Mtwara: yanayosemwa na yaliyopo barabarani

Barabara ya kusini, ile inayotoka Dar es Salaam hadi Mtwara, ina sifa mbili zisizopatana. Kwa aliyeipita mara ya mwisho enzi za kivuko cha Ndundu kwenye Mto Rufiji, bado ni ile njia ya matope ambayo abiria walilala porini. Kwa aliyeiona kwenye video za siku hizi, ni lami tupu na bahari dirishani. Wote wawili wakipanga likizo ya kwenda Mtwara kwa gari lao watakosea, ila kila mmoja kwa upande wake.

"Ni barabara ya pwani, bahari utaiona njia nzima"

Utaingoja sana. Ukishaipita Mbagala na Kongowe, ukaiacha Vikindu, unaingia mashambani: mikorosho, mihogo, mananasi ya Mkuranga yaliyopangwa kando ya njia. Anayeifukuza barabara kutoka baharini ni Mto Rufiji. Unamwaga maji yake kwa delta pana iliyojaa mikoko, na hakuna barabara kuu inayokatiza humo. Basi lami inazunguka kwa nyuma kupitia Kibiti na Ikwiriri ndipo ivuke mto. Hata Somanga, unapoikaribia pwani tena, dalili ya kwanza ya bahari ni wauza samaki wanaokimbilia dirishani.

Bahari inajitoa yenyewe sehemu mbili. Ya kwanza ni Lindi, ambapo njia inateremkia ghuba na kuizunguka kuelekea Mingoyo. Ya pili ni Mikindani, mji mkongwe ambao barabara inapita ukingoni mwa maji yake, na David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Penginepo pote, bahari ni ya anayechepuka. Kwa hiyo anayepanga vizuri huanza na kuhesabu michepuko, kilomita za barabara kuu baadaye.

"Kuna daraja, kuna lami, masika hayana neno tena"

Dhana hii ndiyo inayoharibu likizo za watu, na ina msingi wa kweli, ndiyo maana haifi. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lenye urefu unaokaribia kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003 na kuizika foleni ya kivuko. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi zilizokuwa zikimeza siku nzima wakati wa mvua, nacho kikapata lami katika miaka ya 2010. Watu wakahitimisha kuwa mchezo umekwisha.

Tatizo lilikuwa limehama tu. Mto mkubwa una daraja kubwa. Vijito vinavyoshuka kutoka vilima vya Umatumbi kwenda baharini vilipewa makalavati na madaraja madogo. Mvua ikikaza bara, maji yote yanataka kupita hapo kwa wakati mmoja, yakikosa njia yanaichimba barabara pembeni na kuondoka na tuta lake. Mapema Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara eneo la Somanga na kwingineko, Lindi na Mtwara zikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Njia mbadala ilikuwa kuzunguka Iringa, Songea, Tunduru na Masasi, zaidi ya mara mbili ya umbali. Aprili 2025 Somanga ikakatika tena.

Serikali imekuwa ikijenga madaraja makubwa zaidi maeneo hayo, na hilo ni jema. Mimi bado simshauri mtu apange matembezi ya huku kati ya Machi na Mei, hata akipata chumba kwa nusu bei. Juni hadi Oktoba ardhi imekauka na upepo wa kusi umepoza joto. Ukilazimika kusafiri wakati wa masika, pigia simu mtu wa Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa, au wa stendi ya Lindi asubuhi ya safari. Dereva wa basi aliyefika jana ana habari kuliko ramani yoyote ya simu.

"Kilomita 560 ni saa sita, saba"

Mabasi huimaliza kwa siku moja, lakini dereva wa basi hasimami kununua korosho. Kutoka tu Mbagala kunaweza kukulia saa nzima ukiondoka kumekucha. Saa kumi na moja alfajiri uwe umeshaipita Kongowe. Kisha kuna vijiji. Kila kijiji kina kibao cha 50, na trafiki na tochi yake mara nyingi yuko mwishoni, pale mguu unapoanza kusahau. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa.

Halafu kuna malori: ya saruji kutoka Mtwara, ya jasi kutoka Kilwa, na kuanzia Oktoba, ya korosho. Ukikuta matawi mabichi yametandazwa barabarani, punguza mwendo papo hapo: mbele kuna gari bovu, na hiyo ndiyo pembetatu yake ya tahadhari. Pembetatu zako halisi na kizima moto viwe ndani ya gari, maana vitaulizwa. Lala Kilwa usiku wa kwanza. Anayekwenda moja kwa moja amesafiri, hakutembea.

"Kilwa ni magofu, unayaona ukipita"

Ukipita unaona Nangurukuru, njia panda yenye vituo vya mafuta na chipsi. Kilwa ziko tatu, zote upande wa kushoto. Kilwa Masoko ni mji wa leo, wenye ofisi, nyumba za wageni na gati. Kilwa Kivinje ni mji wa misafara ya karne ya 19 na boma la Wajerumani; nyumba zake zinaendelea kuporomoka huku watu wakiishi katikati yake, na kwangu ndiyo inayogusa kuliko zote, ingawa wageni wengi huiruka. Kilwa Kisiwani ndiyo yenye magofu yenyewe. Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa ni masalia ya dola iliyotajirika kwa dhahabu ya Sofala, ikatembelewa na msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, mwaka 1331, ikashambuliwa na Wareno mwaka 1505. Gari haliendi huko. Unachukua kibali Masoko, unapanda boti au jahazi, unarudi jua halijawa kali. Ukijumlisha na Songo Mnara, hiyo ni siku nzima.

"Bila V8 usithubutu"

IST, kigari kidogo cha Toyota, inafika Mtwara na kurudi. Gari lililoinuka juu linahitajika ukiiacha lami: kwenda ufuo wa Msimbati ambako mchanga unameza tairi, au Tendaguru, kilima cha Lindi ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 na kuipeleka Berlin, iliko mpaka leo. Kama gari lako limefungwa mfumo wa gesi, jaza petroli pia. Gesi inatoka Songo Songo na Mnazi Bay, huku huku kusini, lakini vituo vingi vya kuijaza kwenye magari viko Dar es Salaam. Kichekesho, ila ndivyo kilivyo.

"Kibiti hapapitiki"

Kumbukumbu hiyo ina sababu. Mwaka 2016 na 2017 viongozi wa vijiji na askari waliuawa Kibiti, Mkuranga na Rufiji, na watu hawakusahau. Wimbi lile lilipita, na leo mabasi na familia hupita hapo kila siku. Hatari iliyobaki ni ya usiku, na haina siasa: baiskeli isiyo na taa, bodaboda ya watu watatu, ng'ombe. Jua likizama, uwe umeshaegesha.

"Ukifika Mtwara unaendelea tu na ufuo mpaka Msumbiji"

Kwenye ramani panaonekana hatua mbili. Lakini Daraja la Umoja juu ya Mto Ruvuma, lililofunguliwa mwaka 2010, liko Mtambaswala, mbali bara kupita Masasi. Ng'ambo ya pwani ni Cabo Delgado, ambako vita vya waasi vilianza mwaka 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu kilishambuliwa. Vijiji vya mpakani visiwe sehemu ya matembezi bila kuuliza kwanza polisi wa Mtwara. Anayevukia Mtambaswala abebe pasipoti na kadi ya gari yenye jina lake, au barua ya mwenye gari, na aiulize kampuni yake ya bima kabla hajaondoka nyumbani, maana bima ya ndani inaishia mtoni.