"By" ya dedlaini, "by" ya bei, na "by" ya ploti

Hapa idara ya lugha tunafunza watu wa ofisi sana, makarani, watu wa mauzo, na Kiingereza wanakijua vizuri tu, shida huwa ni vineno vidogo na kinachosumbua sana ni "by". Mtaani tunakiingiza hata kwa Kiswahili, mtu anakuambia by saa nane nitakuwa Kencom, na hapo hajakosea, maana yake saa nane ikigonga atakuwa ashafika, hata akifika saa saba u nusu ni sawa.

Balaa ni "until". Sisi tuna "hadi" ya kila kitu, lipa hadi Ijumaa, ngoja hadi Ijumaa, lakini Mwingereza amezitenganisha: kitu cha kufanywa mara moja kikaisha ni "by", kinachoendelea ni "until". KRA, wale watu wa kodi Kenya, wanataka ritani ya mwaka uliopita by 30 Juni, ukifaili Januari sawa, na tarehe 30 yenyewe bado uko ndani. Sasa mwandikie bosi "I will be on leave by 30 June", ataelewa siku hiyo utakuwa ushaanza likizo, kumbe wewe ulimaanisha ndiyo inaisha.

Kwa hesabu ndio mbaya zaidi. "By" ni kile kimeongezeka, "to" ni pale imefika. Nauli ikiwa 50 na makanga aseme imepanda by 30, toa 80. Julai 2023 VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikafika 16, hiyo ni "to 16 percent". Ukiandika "by 16 percent", mhasibu atapata 9.28, mwingine atajumlisha apate 24, na hakuna mahali 16 itatokea.

By ya usafiri haina maneno, by bus, by matatu, ila ukitaja mwenye gari inakuwa "in my car".

Halafu ile fifty by hundred ya mabroka, hiyo ni pande mbili za shamba, futi 50 kwa 100, yaani futi 5,000 za mraba. Broka atakuambia hiyo ni eighth ya eka, lakini eka ni futi 43,560 za mraba, gawanya kwa 8 unapata 5,445, so kuna futi 445 hazipo na bei umeitishwa ya eighth kamili. Title huandikwa kwa hekta, fifty by hundred inafaa kusoma karibu 0.046, eighth kamili ni kama 0.05, angalia hiyo kabla hujatuma deposit.