Kwa nini chuma cha jembe kina baridi kuliko mpini wake?

Asubuhi ya Julai pale Uyole, Mbeya, jembe lililolala nje huwa limelowa umande mpaka mpinini. Ukishika mpini, mkono unavumilia. Ukishika chuma, vidole vinauma hadi mifupani. "Shika mpini, mjukuu wangu," bibi alikuwa akiniambia, "chuma kimelala na baridi." Nikakua naamini kwamba chuma hunywa baridi ya usiku na kuitunza, na mti haunywi.

Sivyo. Jembe lote limelala mahali pamoja usiku kucha, kwa hiyo kufikia alfajiri chuma na mpini vimepoa karibu sawasawa. Kama hewa ina nyuzijoto 8, chuma kiko kwenye 8 hivi, na mpini vilevile. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilikataa kabisa, maana mkono wangu ulikuwa shahidi. Lakini mkono haukuwa unasema uongo. Ulikuwa unajibu swali jingine.

Ndani ya ngozi kuna ncha za neva zinazofanya kazi ya vipokezi vya hisi. Vile vya baridi viko chini kidogo tu ya uso wa ngozi, na kinachopimwa pale ni joto la palepale vilipo, yaani la ngozi yako mwenyewe. Havina namna ya kuingia ndani ya chuma kuona hali yake.

Fikiria una ndoo ya maji na unaimwaga shambani polepole. Kwenye mfinyanzi maji yanatuama. Ardhi ya juu ikishalowa, haipokei tena haraka. Kwenye kichanga yanazama na kwenda chini, na juu panabaki na kiu ileile. Joto la mkono wako ndiyo maji hayo. Mpini ni mfinyanzi: sehemu unayoigusa inapata joto kidogo, halafu mmwagiko unapungua. Chuma ni kichanga: kinalipokea joto na kulipitisha mbali, na chuma hupitisha joto mamia ya mara kuliko mti mkavu. Kipokezi kinaangalia ndoo tu. Kinaona maji yanashuka kwa kasi, kinapiga kelele "baridi!" bila kujua yanamwagikia wapi.

Liache jembe hilohilo juani mpaka liwe la moto, kisha liguse. Sasa chuma ndicho kinachounguza, na mpini una uvuguvugu tu. Kingekuwa kimetunza baridi, kingekuwa cha mwisho kupata moto. Njia ni ileile. Joto ndilo limegeuza mwelekeo.

Kipokezi kinajuaje kwamba ngozi imepoa? Kwenye utando wake kuna protini zilizo kama vilango. Kimoja, TRPM8, hufunguka ngozi inaposhuka chini ya nyuzijoto 26 hivi, na chembe zenye chaji zinaingia na kuamsha ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Mentholi hufungua kilango hichohicho, ndiyo maana dawa ya kuchua kifua huleta ubaridi bila ngozi kupoa. Kilango cha joto kali, TRPV1, hufunguka karibu na nyuzijoto 43, na pilipili hukifungua pia. David Julius na Ardem Patapoutian walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi ya vipokezi vya joto na mguso. Hata hivyo TRPM8 haiko peke yake: panya waliozalishwa bila hiyo hawatambui vizuri ubaridi wa kawaida, lakini baridi kali bado wanaikimbia.

Wanyama wana vilango vyao. Cha joto cha kuku hakishtuliwi na ukali wa pilipili, ndiyo maana anadonoa pilipili kichaa uani kama mtama. Anayenishangaza zaidi ni chatu. Kwenye midomo yake kuna vishimo, na kwa hivyo vishimo anamtambua panya gizani bila kumgusa. Lakini hata chatu hampimi panya. Anapima ngozi iliyo ndani ya vishimo vyake mwenyewe, iliyopashwa kidogo mno na joto linalotoka kwa yule panya.