Alama 1.5 hazimwingizi msichana uhandisi

Wapo wanaodai kwamba wanawake wanasayansi wa Uganda walibebwa. Hoja yao ni alama 1.5 anazoongezewa msichana anayeomba chuo kikuu cha umma, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. Eti hata aliyeshindwa fizikia hupenya.

Hesabu inakanusha. Kwenye mfumo huo, A ya kidato cha 6 ina pointi 6, B 5, C 4, D 3, E 2. Kisha kila somo huzidishwa kwa uzito wake katika kozi inayoombwa: masomo mawili makuu mara 3, la tatu linalohusiana mara 2. Mwenye A tatu hufikisha 48 kabla ya kuhesabiwa kidato cha 4. Kutoka B hadi A kwenye somo kuu moja ni alama 3 nzima. Nyongeza ya msichana ni nusu ya hapo tu. Tena haimwondolei sharti la kufaulu kwanza vigezo vya chini vya kozi.

Pengo kubwa huanza mapema. Aliyesukumwa kuchukua historia, uchumi na jiografia kidato cha 5, pengine kwa sababu shule haina maabara, hana fizikia wala hisabati ya kuzidishwa. Nyongeza imemfikia akiwa ameshachelewa.

Kwa hiyo mwandishi wa habari anayemhoji mhandisi mwanamke amuulize kazi yake kwanza, halafu alichagua masomo gani na fizikia aliifanyia majaribio wapi. Majibu hayo ndiyo anayoyahitaji binti anayejaza fomu ya kidato cha 5.