Sufu, sufi, usufi: ni neno moja au matatu?

Mwambie mtu anayefuma sweta akutafutie uzi wa sufu, atakuelewa. Ukisema uzi wa sufi atakuelewa vilevile. Sasa mwambie akujazie mto sufi uone, hapo kondoo hayumo kabisa, tunaongelea mti!

Asili yake ni Kiarabu, suf, maana yake manyoya ya kondoo. Kiswahili hakipendi neno kuishia na konsonanti kwa hiyo tukalibandika irabu mwishoni kama tulivyofanya kwa kitab likawa kitabu, ila hili wengine wakalitia u na wengine i, ndo maana tuna sufu na sufi na watu wanabishana lipi sahihi wakati yote yametoka mlango mmoja. Kwenye Biblia ya Kiswahili Isaya 1:18 utakuta sufu. Na neno hilohilo linabeba manyoya yenyewe, uzi uliosokotwa kutokana nayo, hadi kitambaa.

Halafu kuna msufi. Ule mti mrefu ambao matunda yake yakikauka yanapasuka na ndani kuna kitu cheupe laini kama manyoya, watu wakaita sufi kwa sababu ya ule ulaini, wakaongeza m- kama chungwa na mchungwa, basi mti ukapata jina. Mimi hapa ndo napapenda zaidi, maana jina limehama kutoka mgongoni kwa mnyama hadi juu ya mti kwa kufanana tu. Lakini ukizishika mkononi hazifanani kihivyo. Unywele wa kondoo una mawimbimawimbi na magamba madogo sana, ukiusokota unashikana na mwenzake unakuwa uzi. Sufi ya mti ni fupi, inateleza, ina kama nta kwa juu, kuisokota peke yake ni shida, ndo maana imeishia kwenye mito na magodoro, na kwa kuwa inaelea vizuri ilijazwa hata kwenye maboya ya kuvaa.

Usufi nao una maana mbili, hiyo ya msufi na ile ya njia ya kiroho ya Masufi katika Uislamu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba waliitwa hivyo kwa sababu wale wa mwanzo walivaa nguo za sufu, nzito na za kukwaruza, kuonyesha wameiweka dunia pembeni, ingawa wapo wanaolihusisha jina na safa, yaani usafi.

Sasa kwa anayenunua uzi: jina lisikutoshe, uzi mwingi unaoitwa wa sufi ni akriliki, yaani plastiki, hata kondoo haumjui. Kata kipande kifupi, kibane na koleo juu ya sahani ya chuma, kiwashe ncha. Sufu halisi inaungua polepole, inanuka nywele zilizoungua kwa sababu imejengwa na protini ileile ya nywele na kucha zako, ukiondoa moto inazimika na majivu yake yanasagika kwa vidole. Akriliki inayeyuka, inaendelea kuwaka, na ikipoa inakuachia kidonge kigumu cheusi ambacho hata ukikibonyeza hakivunjiki.