Simfoni ya kwaya ni nini? Msikilize Kullervo

Simfoni ya kawaida haina maneno, okestra inapiga na stori unajijazia mwenyewe kichwani. Simfoni ya kwaya ni pale mtunzi anapoingiza waimbaji humo humo, na siyo kupamba, ukiwatoa tu kazi imekufa. Wengi wanaijua ile ya tisa ya Beethoven (1824) ila mimi naona inayoeleza jambo hili vizuri zaidi ni Kullervo ya Jean Sibelius wa Ufini, aliyeiongoza mwenyewe mara ya kwanza Helsinki, Aprili 1892, akiwa na miaka 26 tu.

Kisa kakitoa kwenye Kalevala, masimulizi ya kishairi ya Wafini yaliyokusanywa na Elias Lönnrot na kuchapishwa 1835. Kullervo kazaliwa utumwani kwa ndugu wa baba yake aliyeangamiza ukoo wao, akaja kuuzwa kwa mhunzi, mke wa mhunzi akampa mkate kaficha jiwe ndani, kisu kikagonga jiwe kikavunjika, na kisu hicho ndo kitu pekee alichobaki nacho cha baba yake. (Hiki cha kisu kwaya haikiimbi, ila bila kukijua huwezi kuelewa hasira za huyu kijana.)

Sasa vipande vya simfoni yenyewe viko vitano, na viwili vya kwanza kwaya kimyaaa, okestra peke yake. Cha tatu ndo wanaume wanaingia, karibu muda wote kwa sauti moja: *Kullervo, Kalervon poika*, yaani Kullervo mwana wa Kalervo. Hebu hesabu mizani, Kul-ler-vo Ka-ler-von poi-ka. Nane! Sawa kabisa na kipande cha utenzi wetu, kama wa Fumo Liyongo. Halafu Sibelius hiyo mizani nane kaiweka kwenye mapigo matano matano, ndo maana muziki unakimbia huku kama unachechemea.

Kullervo anatoka kulipa kodi, yuko kwenye sleji, ule mkokoteni wa theluji, anaita wasichana njiani wapande, wawili wanamtolea nje, wa tatu anambeba kwa nguvu kisha anamlaghai kwa mali mpaka wanalala pamoja, na baada ya hapo ndo wanaulizana wewe mtoto wa nani. Kumbe ni dada yake aliyepotea porini akichuma matunda. Kullervo na dada yake wana waimbaji wao, mwanamke na mwanaume, kwaya inabaki kuwa msimulizi.

Cha nne ni vita, okestra tupu, nakiona chepesi kidogo.

Sibelius aliifungia kazi hii baada ya 1893, na nzima haikupigwa tena mpaka 1958, yeye kashafariki mwaka mmoja nyuma.

Watu wanauliza, si angeandika opera tu, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa? Sikiliza kipande cha tano. Kullervo karudi pale alipomharibu dada yake, hata nyasi hazioti, anauliza upanga wake kama utapenda kula nyama yenye hatia, yaani yake mwenyewe, na upanga unamjibu, kwa nini nisile, na nyama isiyo na hatia nimekula. Maneno hayo yote yanaimbwa na kwaya. Kwenye opera ungemvalisha nani awe upanga?