Kwa nini mfalme wa Aksum aliandika Kigiriki kwenye sarafu zake?

Endubis, aliyetawala Aksum karibu mwaka 270, katika nyanda ambazo leo ni kaskazini mwa Ethiopia na Eritrea, ndiye mfalme wa kwanza tunayemjua kufua sarafu huko. Sarafu yake ya dhahabu ni ndogo, karibu sawa na ukucha wa kidole gumba, na uzito wake haufiki gramu 3. Itazame kwa karibu: mfalme ameangalia kulia, kajifunga kitambaa kichwani, masuke ya nafaka yako huku na huku, na juu pameandama mwezi. Maandishi ni ya Kigiriki. Mbona hivyo, ilhali wenyeji walizungumza Kigeez?

Jibu liko Adulis, bandari yao kwenye Bahari ya Shamu. Pembe za ndovu zilitoka hapo, vikashushwa vitambaa, vyuma na mvinyo, na Kigiriki ndicho kilichowaunganisha na wafanyabiashara kutoka Misri ya Warumi. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, huohuo unaoitaja Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, unasema mtawala wa sehemu hizo, Zoskales, alijua kusoma na kuandika Kigiriki. Kwa hiyo Endubis hakuigiza lugha ya wageni. Ilikwisha zoeleka nyumbani kwake. Hata uzito wa dhahabu yake uliendana na vipimo vya Kirumi, ili mnunuzi wa ng'ambo aipokee bila wasiwasi. Zilifika mbali: sarafu za dhahabu za Aksum zimepatikana kusini mwa India, nyingine zimetobolewa matundu.

Baadaye fedha na shaba, pesa za sokoni, zikaanza kuandikwa Kigeez, lakini dhahabu karibu yote ikabaki na Kigiriki. Mfalme Ezana wa Aksum alipoingia Ukristo katika karne ya 4, mwezi ukaondolewa, ukawekwa msalaba. Kuna shaba za karne hiyo zilizopakwa dhahabu kidogo kuuzunguka msalaba huo, kazi ya mkono ya kustaajabisha kwa pesa ya kununulia chakula. Nyingine zina maneno: "Hili na liipendeze nchi."

Ninachokipenda zaidi kiko kwenye ile sarafu ya Endubis. Baada ya "mfalme wa Waaksum" yanafuata maneno *bisi Dakhu*, "mtu wa Dakhu", pengine jina la ukoo au kikosi. *Bisi* ni Kigeez, kimeandikwa kwa herufi za Kigiriki.