Taharuki katika filamu: mfano wa Black Christmas ya mwaka 1974

Taharuki ni hali ya kusubiri jambo unalolihofia, ukiwa na habari za kutosha kujua kwamba litatokea, ila hujui lini. Wengi huichanganya na mshtuko. Mlango ukifunguka kwa kishindo gizani, unaruka kitini, na baada ya sekunde chache moyo umetulia. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alitofautisha mambo haya mawili kwa mfano wa bomu lililo chini ya meza. Likilipuka ghafla, watazamaji hushtuka mara moja tu. Wakioneshwa bomu mapema, huku walioketi mezani hawana habari, basi hata maongezi ya kawaida kabisa huwa mateso kuyasikiliza.

Katika filamu za slasha, yaani zile ambazo muuaji huwawinda watu na kuwamaliza mmoja mmoja, sijaona inayoufuata mfano huo kwa uaminifu kama Black Christmas, iliyotengenezwa Kanada na Bob Clark. Ilitangulia Halloween ya John Carpenter kwa miaka minne, lakini Halloween ndiyo iliyovuna umaarufu. Inastahili kutazamwa upya.

Bomu la Clark liko darini. Filamu inapoanza, kamera ndiyo macho ya muuaji: tunamsikia akihema, tunaparamia naye ukuta wa nyumba wanamoishi wanafunzi wa kike, tunaingia naye kwa dirisha la juu wakati wenyeji wako chini wakisherehekea. Tangu dakika hizo tunajua yumo ndani. Wao hawajui. Msichana wa kwanza kuuawa, Clare, anaketishwa kwenye kiti cha kubembea karibu na dirisha la dari, mfuko wa plastiki ukiwa bado umemfunika uso. Baba yake anakuja kumchukua kwa likizo, anamsubiri, anahangaika, anakwenda polisi. Watu wanatoka usiku kumtafuta nje kwenye baridi, ilhali yuko juu ya vichwa vyao. Mzee huyu hatishwi na yeyote katika filamu nzima, na bado kila anapoonekana roho inauma, kwa sababu tunajua asichokijua.

Kuna jambo tunalonyimwa sisi pia: muuaji ni nani. Tunaona jicho lake kwenye upenyo wa mlango na kusikia sauti zake kwenye simu, sauti kadhaa zinazopokezana kana kwamba watu wengi wanagombana ndani ya mtu mmoja. Peter, mpenzi wa Jess, mmoja wa wanafunzi wa nyumba hiyo, ana hasira za kutosha kutufanya tumshuku. Kwa hiyo tunajua hatari iko wapi, hatujui ina uso gani, na tunabaki kumkagua kila mwanamume anayeingia.

Sehemu ninayoiona bora kuliko zote haina hata tone la damu. Polisi wanataka kujua simu za vitisho zinatoka wapi. Enzi hizo fundi alilazimika kuifuatilia laini kwa macho, akikimbia kati ya safu za mitambo ya kampuni ya simu, na ilimbidi aimalize kazi kabla simu haijakatwa. Maana yake ni kwamba Jess lazima aendelee kusikiliza. Kinachoweza kumwokoa kinamtaka avumilie kile kile kinachomtisha, na Clark anaturusha huku na huko: fundi mbioni, Jess na mkono wa simu sikioni, fundi tena. Muziki nao hautupi pa kushika. Mtunzi wake, Carl Zittrer, alifunga uma, visu na vitana kwenye nyuzi za piano, zikatoa mivumo isiyo na wimbo, kwa hiyo sikio halipati dokezo kwamba sasa ndiyo saa yenyewe.

Filamu inaisha polisi wakiamini kesi imefungwa, na darini hawajapanda. Hatuelezwi muuaji alitoka wapi wala alitaka nini. Ilipotengenezwa upya mwaka 2006, alipewa utoto wa mateso, mama katili na sababu za kila alichofanya. Damu iliongezwa pia. Nikiitazama hiyo ya pili nashtuka mara kwa mara, lakini sisubiri chochote.